Kiti cha Mhariri na Kalamu ya Msomaji

Atakayefungua majalada ya Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililotolewa Dar es Salaam na Idara ya Elimu ya Tanganyika tangu Januari 1923, ataona jambo moja kabla ya mengine mengi. Washairi waliopeleka tungo zao humo walikuwa na desturi ya kubisha hodi. Mara nyingi ubeti wa kwanza, na pengine wa pili pia, haukugusa maana ya shairi hata kidogo: ulimwamkia mhariri, ukamwomba nafasi, ukamsihi asiitupe barua kapuni. Ndipo mtunzi alipoingia ndani akasema alilokuja kusema. Wanafunzi wangu huucheka ubeti huo. Huuona ni unyenyekevu uliopita kiasi, au hila ya mtu aliyetaka kujaza ukurasa. Mimi nami niliucheka nilipokuwa na umri wao. Sasa siucheki tena, maana nimetambua kuwa ni ushahidi wa historia: watuonyesha mlango ulikuwa wapi, na kwamba mlangoni palikuwa na mtu.

Husemwa sana katika siku zetu kwamba intaneti imemgeuza msomaji kuwa mwandishi. Huenda kauli hii ikawa kweli kwa nchi ambazo magazeti yake yaliandikwa kwa muda mrefu na watu wa mshahara, na msomaji akabaki kununua na kunyamaza. Kwa magazeti ya Kiswahili ni kweli kwa nusu tu. Kwetu msomaji aliishika kalamu tangu mwanzo, kwa sababu hapakuwa na wengi wengine wa kuishika. Lililobadilika zaidi ni kiti cha mhariri: nani amekikalia, nani ajulikana kuwa amekikalia, na nani huitwa mahakamani neno lililoandikwa likichukiza. Hilo ndilo nitakalolifuata katika makala haya. Naomba radhi mapema kwa msomaji atakayeona nimekaa zaidi juu ya Tanganyika na Kenya kuliko kwingineko; ndiko ninakokujua vema.

Tuanze mbali kidogo. Msimulizi, gazeti lililoanza 1888 katika chuo cha Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya UMCA, liliandikwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi na walimu Waafrika wa misheni hiyo. Baadaye serikali ya Kijerumani ilikuwa na gazeti lake, Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolizima. Habari zake zilitoka kwa walimu, makarani na maakida waliotawanyika katika miji ya pwani na ya bara. Walieleza mvua na njaa, simba na chui, wageni waliopita, na uhamisho wa wenzao. Gazeti halikuwa na waandishi wa mshahara katika kila mji. Lilikuwa na wasomaji wenye wino. Mtu aliyelisoma mwezi huu ndiye aliyeliandika mwezi ujao, na sidhani kama mwenyewe aliona ajabu yoyote katika kugeuka huko.

Wala kugeuka huko hakukuanza na mashine ya kupiga chapa. Katika Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, shairi lilitupwa kama kete, na aliyeguswa nalo alitazamiwa kujibu kwa bahari ileile, na pengine kwa vina vilevile. Msikilizaji asiyeweza kujibu alikuwa msikilizaji; aweza­ye kujibu alikuwa mshairi. Mpaka kati yao haukuwekwa na cheo wala na kazi. Magazeti yalipokuja yaliikuta desturi hii imekwisha komaa, yakaipa karatasi na posta. Malumbano yaliyokuwa yakimalizika katika baraza moja kwa usiku mmoja sasa yaliweza kuchukua miezi, swali likitoka mji mmoja na jibu likirudi kutoka mji mwingine kwa gari la moshi. Shaaban Robert, Mathias Mnyampala, Saadan Kandoro na Amri Abedi ni miongoni mwa watu waliojulikana na wasomaji wasiopata kuwaona kwa macho, kwa sababu ya kurasa za namna hii.

Wengi katika washairi wa magazeti walijificha nyuma ya lakabu. Hili ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa siku hizi twaambiwa kwamba kuandika bila jina ni ugonjwa ulioletwa na kompyuta. Lakabu ilikuwa pambo la ushairi wa Kiswahili kabla ya kompyuta kuwapo. Lakini ilikuwa na sharti. Desturi ya magazeti mengi, na hata leo yapo yanayoifuata, ni kwamba mwandishi aweza kuficha jina lake kwa wasomaji lakini hawezi kulificha kwa mhariri. Jina la kweli na anwani hubaki katika saraka ya meza yake. Basi lakabu haikumfanya mtu kuwa hana mwenyewe. Ilimweka chini ya dhamana ya mtu mmoja aliyemjua, aliyeamua maneno yake yatoke au yasitoke, na ambaye angeulizwa yakitoka.

Isidhaniwe kwamba nakililia kiti kile. Mhariri wa Mambo Leo alikaa katika ofisi ya serikali ya kikoloni, na kapu lake lilikuwa kubwa. Mvua, adabu, kilimo cha pamba, elimu ya watoto, vitendawili na masifu ya vitu vipya vilipata nafasi bila shida. Malalamiko juu ya mshahara, ardhi na dharau hayakupata mlango mpana hivyo. Ndiyo sababu Erica Fiah, mtu aliyezaliwa Uganda akawa mwenye duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake Kwetu mwaka 1937, gazeti la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Alikuwa tayari ameshiriki kuanzisha chama cha wafanyabiashara Waafrika mwaka 1934, na alijua ni maneno gani yasiyokubaliwa kwingine. Mtu akitaka kupima kapu la mhariri, njia moja ni kutazama magazeti yaliyozaliwa kwa sababu ya kapu hilo.

Na tusisahau walioachwa nje hata ya Kwetu. Walioandika walikuwa wale waliopita shule. Katika shule hizo wasichana walikuwa wachache mno. Nimesoma kurasa nyingi za barua za miaka ile, na sauti ya mwanamke ni nadra kama mvua ya Agosti.

Mwaka 1958 watuonyesha upande wa pili wa kiti, yaani gharama yake. Mwaka huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka uleule Julius Nyerere alishitakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya wakuu wa wilaya wawili. Akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi 6, na faini ikalipwa. Sisemi kwamba hukumu hizo zilikuwa za haki, na historia imekwisha sema lake juu ya waliozitoa. Nataka tuangalie jambo dogo zaidi: mahakama ilijua nani wa kumwita. Neno lilikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa ameamua kwa akili timamu kuliweka mbele ya wasomaji, aliijua hatari, na aliposimama kizimbani hakuna aliyeuliza kama yeye ndiye. Serikali iliyokasirika na mhariri aliyeikasirisha walikuwa wakitazamana uso kwa uso.

Redio nayo ilifuata njia ileile ya gazeti. Utangazaji ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, na baadaye uliposambaa, wasikilizaji hawakukubali kusikiliza tu. Kadi za salamu zilijaa katika vituo vya redio: mtu akaandika jina lake, la kijiji chake, na majina ya ndugu na rafiki anaowasalimu, akaipeleka posta, akakaa wiki kadhaa karibu na redio akisubiri. Wako wasomi waliozidharau kadi hizo kwa kuwa hazikuwa na habari ndani yake. Mimi naona zilikuwa na habari moja kubwa, ya kwamba fulani yu hai na yuko mahali fulani. Zilikuwa na vyama vyake na mashujaa wake, watu ambao majina yao yalijulikana nchi nzima bila ya kufanya jambo jingine lolote ila kusalimu. Hata hapo, hata hivyo, alikuwapo mtangazaji mwenye rundo mezani, aliyechukua kadi hii akaiacha ile.

Tumefika sasa kwenye intaneti. Kwa waandishi wa Kiswahili ilianza kama kazi ya watu wachache, wengi wao wakiwa ughaibuni au katika miji mikubwa. Ndesanjo Macha aliandika kwa Kiswahili katika blogu yake ya Jikomboe, akawahimiza wengine nao waanze. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, alianza blogu yake mwaka 2005, na kwa Watanzania waliokuwa mbali na nyumbani picha zake za harusi, misiba na barabara za mjini zilikuwa kama dirisha. Chini ya kila picha watu waliandika maoni, na mara nyingi maoni yalikuwa marefu na makali kuliko maelezo ya picha yenyewe. Mwaka 2006 ukazaliwa uwanja wa majadiliano ulioitwa kwanza Jambo Forums, baadaye Jamii Forums, ambamo kila mwenye lakabu aliweza kuanzisha hoja na wengine kuijibu. Msomaji wa Mambo Leo angeukuta uwanja huo akautambua mara moja. Angeshangaa kitu kimoja tu: hakuna aliyebisha hodi. Neno lilionekana kwanza, na kama lilipaswa kuondolewa, liliondolewa baada ya watu kulisoma.

Kule Kenya nguvu ya kalamu hiyo mpya ilijulikana katika siku mbaya sana. Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulipoishia katika ugomvi na damu, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika katika blogu yake, alikuwa akipokea habari nyingi kutoka kwa watu kuliko alivyoweza kuziandika peke yake. Mapema Januari 2008 alitoa wazo la ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuitilia alama ya yale aliyoyaona, kwa kompyuta au kwa ujumbe wa simu. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine walilishika wazo hilo, na kwa muda wa siku chache tu ramani ilikuwa tayari. Waliiita Ushahidi. Jina hilo ni la Kiswahili, na limesafiri mbali: miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwaka 2010, programu hiyohiyo ilitumiwa kuonyesha mahali watu walipohitaji msaada.

Yafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu Ushahidi husifiwa mara nyingi kwa lile ambalo si sifa yake kubwa. Watu husema uliondoa mhariri. Lakini waanzilishi wake walijua wazi kwamba ujumbe usiopimwa katika mwezi ule ungeweza kuua. Katika simu zilezile zilizopeleka habari za nyumba zilizochomwa, ulipita pia ujumbe wa chuki uliowaambia watu jirani yupi ni adui. Basi waanzilishi waliusoma ujumbe uliokuja, wakajaribu kuulinganisha na habari nyingine, wakatofautisha uliothibitishwa na usiothibitishwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliopoteza maisha katika machafuko yale. Mbele ya hesabu ya namna hiyo, mtu anayepima ujumbe kabla ya kuutia katika ramani anafanya kazi ya mhariri, hata kama hana kiti wala ofisi. Tofauti yake na yule wa Mambo Leo ni kwamba alipima ukweli wa neno kabla ya kupima kama lampendeza mkubwa.

Twende sasa kwenye mahakama, maana ndiko mabadiliko yanakoonekana bila pambo. Februari 2008, mwezi uleule Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu kwa ajili ya mkataba wa umeme wa Richmond, polisi wa Tanzania waliwakamata Maxence Melo na Mike Mushi wa Jambo Forums, wakawahoji, na kompyuta zikachukuliwa. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo pamoja na mambo mengine yawapa polisi nguvu ya kutaka taarifa za mtumiaji. Desemba 2016 Melo alikamatwa tena, akafikishwa katika Mahakama ya Kisutu. Kosa hasa lilikuwa nini? Hakushitakiwa kwa kuandika. Katika kesi iliyomalizika Aprili 8, 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi, kwa kuwa hakutoa taarifa polisi walizozitaka juu ya watu walioandika katika uwanja wake. Akahukumiwa kulipa shilingi milioni 3 au kufungwa mwaka mmoja.

Naomba msomaji aiweke hukumu hii kando ya ile ya Nyerere ya 1958, akiacha pembeni ukubwa wa watu wenyewe, tofauti za kesi na thamani ya shilingi. Katika ile ya kwanza mshitakiwa ndiye mwenye neno. Katika hii ya pili mshitakiwa ni mwenye mlango, naye mlango wake hauna bawabu wa kuchagua nani aingie. Aliulizwa jina lililokuwa katika saraka ya mhariri wa zamani, bila ya yeye kuwa amepewa kwanza haki ya mhariri huyo ya kusoma na kuamua. Naye alijibu kama wahariri wengi wa zamani wangalivyojibu. Mwaka 2019, kesi zikiwa bado zinaendelea, kamati ya kimataifa ya kuwalinda waandishi wa habari yenye makao yake New York ilimpa tuzo yake ya uhuru wa habari.

Hapo ndipo naona sheria zetu zimebabaika. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata wenye blogu kuwa na leseni, na gharama zake zilizidi shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Blogu nyingi za vijana zilifungwa, na Jamii Forums yenyewe ilifunga uwanja wake kwa muda mnamo Juni 2018. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini nia yake imebaki: kumtafuta mtu wa kumkalisha katika kiti kilichokuwa wazi, ili awepo wa kuulizwa. Septemba 2025 leseni ya Jamii Forums ilisimamishwa kwa siku 90. Watunga kanuni walitaka mhariri wa zamani arudi, lakini walimtaka arudi na kapu lake tu. Kalamu yake nyekundu, hukumu yake, na uhodari wake wa kusema neno hili litoke ingawa litatugharimu, havimo katika leseni.

Je, kiti kiko wazi kweli? Kwa miaka kadhaa niliamini hivyo na kuwafundisha wanafunzi wangu hivyo. Nilikosea, na aliyenisahihisha ni mahakama nyingine, ya Nairobi. Februari 2022 jarida la Marekani liitwalo Time lilieleza habari za vijana waliokuwa wakifanya kazi katika jengo moja la Nairobi, wakiajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya Meta, mwenye Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama yale yaliyowekwa na watumiaji katika lugha za Afrika, Kiswahili na Kiamhari na Kisomali na nyinginezo, na kuamua kwa muda mfupi mno nini kibaki na nini kiondolewe. Waliona mauaji, watoto wakidhulumiwa, miili iliyokatwa. Jarida hilo lilisema baadhi yao walilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, alifungua kesi dhidi ya kampuni hizo mbili, na mwaka uliofuata wenzake 184 wakafungua yao. Kampuni zilipinga madai, na Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba yaweza kushitakiwa Kenya.

Basi mhariri alikuwapo wakati wote. Alikuwa mtu mwenye shahada, labda mmoja wa wale tuliowafundisha sisi, ameketi mbele ya kioo katika jengo la mjini, amefungwa na ahadi ya siri asimwambie hata mama yake anafanya kazi gani. Hakuchaguliwa kwa busara yake, wala hakuruhusiwa kuitumia; kanuni alizozifuata ziliandikwa mbali na kubadilishwa bila yeye kuulizwa. Mshairi wa Mambo Leo alijua amwombe nani nafasi. Mtu wa Kisumu au Mwanza ambaye maneno yake yamefutwa usiku hajui kama aliyeyafuta ni mashine au ni jirani yake wa zamani. Na yuko mhariri mwingine asiye mtu kabisa, yaani hesabu ya kompyuta inayopanga neno lipi lionekane juu na lipi lizame chini. Kapu la mhariri wa zamani lilitupa barua. Hili la sasa huiacha barua mezani, likaifunika na nyingine elfu.

Pamoja na hayo yote, sina budi kusema kwamba kalamu imefika kwa mikono ambayo gazeti halikuifikia. Julai 2015 idhaa ya Marekani ya CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Rais Obama, Wakenya wengi waliijibu kwa pamoja katika Twitter, kama walivyokwisha kufanya mwaka 2012. Mwezi uliofuata mkuu mmoja wa idhaa hiyo alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Barua kwa mhariri isingalifanya hivyo. Mwaka 2024 vijana waliuchukua Mswada wa Fedha wa Kenya, maandishi makavu ambayo magazeti huyafupisha katika safu moja, wakaufafanua kifungu kwa kifungu katika lugha za nyumbani, wakauimba, wakauchora. Wanawake walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa. Siku ya pili yake Rais Ruto alisema hatautia sahihi mswada. Katika siku hizohizo namba za simu za wabunge zilitangazwa kwa kila mtu ili wasumbuliwe. Mhariri mwema angalikataa kuzichapa, na mhariri mwoga angalikataa kuuchapa mswada uliofafanuliwa. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hasara hizi mbili nitaichukua ya kwanza, ingawa sitaichukua kwa furaha.

Limebaki jambo moja ambalo hupuuzwa, nalo lanihusu mimi na kazi yangu. Mhariri wa zamani, akipenda asipende, alikuwa pia mtunza kumbukumbu. Toleo lililopigwa chapa lilipelekwa maktaba, likashonwa katika jalada, mchwa wakala kidogo, na kilichobaki twakisoma baada ya miaka 100. Malumbano ya mtandaoni hayana jalada.

Mwaka 2011 niliyafuata malumbano marefu ya kishairi katika uwanja mmoja wa mtandaoni ambao sitautaja. Watu saba au wanane, wote kwa lakabu, walijibizana juu ya mahari, na kati yao alikuwapo mmoja ambaye naamini ni fundi hasa, mwenye vina vilivyotulia na mzaha wa mtu mzima. Kwa mazoea ya mwanafunzi wa zamani nilinakili beti 14 za mtu huyo kwa mkono katika daftari. Miaka miwili iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuandika tasnifu juu ya ushairi wa mitandaoni, nikamwelekeza huko. Alirudi akaniambia hakuna kitu. Uwanja umebadilishwa, kurasa za zamani zimeondolewa, na barua alizowaandikia wenyewe hazikujibiwa. Malumbano yale, ambayo pengine yalisomwa na watu wengi kuliko toleo lolote la Mambo Leo, sasa yamo katika daftari langu tu, nayo ni ya upande mmoja. Majibu ya wenzake sikuyanakili.

Tumekaa naye tukilisoma daftari hilo. Jina la kweli la mshairi hatulijui, wala hatujui wa kumwomba ruhusa ya kuyachapa maneno yake. Mwanafunzi ndiye aliyeona nilichokuwa sikukiona siku ile ninanakili. Ubeti wa kwanza wa shairi, lililoandikwa mahali ambapo hapakuwa na mhariri wala kapu, unamwamkia mhariri, unamwomba nafasi, na unamsihi asimtupe. Aliniuliza kama ulikuwa mzaha au mazoea. Nilimwambia amtafute mwenyewe amuulize. Amekwisha weka tangazo katika viwanja vitatu akiitaja ile lakabu, na mpaka ninapoandika haya hajapata jibu.